Mgeni Aliyekuja na Sufuria Yake

Mwezi uliopita mwanamke mmoja alipiga hodi mlangoni kwangu, Mtaa wa Mchikichi, Kariakoo, amejitanda khanga juu ya dera na amekumbatia kikapu kifuani. Wafanyabiashara wa mikoani hupotea sana katika mitaa yetu, maana maghorofa yameota kila kona na duka la jana leo halipo, kwa hiyo nilidhani anatafuta duka la jumla nimwelekeze. Akaniamkia, nikamwitikia marahaba, akauliza kama hapa ndipo kwa Bi Pili. Nikamwambia Bi Pili alikuwa shangazi yangu na alishatangulia mbele ya haki zamani. Akasema anaitwa Somoe, binti wa Athumani Lipande wa Liwale, amekuja kufuata bidhaa za duka lake, na kwamba baba yake naye hatunaye tena, wamemzika baada ya mavuno. Akaweka kikapu chini, akatoa bakuli la bati jeupe lenye mstari wa buluu mdomoni, limefungwa kitambaa juu. Sikuhitaji kuambiwa ni la nani. Chini yake palikuwa na tone la rangi nyekundu, alama ambayo shangazi alikuwa akiitia kwenye vyombo vyake vyote ili visipotee kwenye shughuli za watu. Nilimkaribisha ndani, nikaenda kumletea maji, na huko jikoni nikajikuta nalia nimeshika kikombe.

Mwaka aliokaa Athumani nyumbani kwetu nilikuwa nimemaliza kidato cha nne na sina kazi ila kukaa kibarazani na cherehani ya shangazi, nikijifunza kushona mashati ya shule na kuharibu vitambaa vya watu. Nyumba ilikuwa hii hii, vyumba vitatu kulia, vitatu kushoto, ukumbi katikati, na uani nyuma kwenye jiko na kisima kilichofunikwa bati. Shangazi alipangisha vyumba vinne, karibu vyote kwa watu wa kusini, kwa kuwa mtu akishuka kwenye basi akitaja kabila lake alielekezwa kwetu bila kuulizwa zaidi. Athumani alipewa chumba cha mwisho, kinachopakana na uani, chenye kitanda cha kamba na dirisha linalotazama ukuta wa jirani. Hakuwa na mizigo mingi. Alikuja na begi moja la turubai, kiroba cha unga, na sufuria ndogo iliyoungua hadi ikawa nyeusi nje na ndani. Sare yake ya kijani ilining'inia kwenye msumari, imenyooshwa vizuri kuliko nguo za mtu yeyote katika nyumba ile. Alisema amekuja kwa ajili ya shauri la kijijini kwao, hakusema zaidi, na shangazi hakuwa mtu wa kuchokonoa wapangaji wake.

Jioni ya kwanza shangazi alimpikia mgeni wali na samaki wa nazi, chakula ambacho hakukipika kwa kila mtu. Athumani alishukuru, akaomba radhi, akasema yeye atajipikia. Akatoka uani, akawasha mkaa, akasonga ugali wake katika ile sufuria na kuula na chumvi na mboga ya majani aliyonunua gengeni. Shangazi alidhani ni haya za ugeni. Kesho yake ikawa vile vile, na keshokutwa. Chai alikataa, maji ya mtungi alikataa, akachota ya kwake mwenyewe bombani. Mtu yeyote wa pwani anajua maana ya jambo hilo. Kumkatalia mwenyeji chakula ni kumwambia kwamba humwamini, na katika nyumba iliyojaa watu ni kumtangazia uchawi. Siku moja shangazi alisimama na mwiko wake katikati ya uani akasema, wapangaji wote wakisikia, kwamba nyumba hii imezika watu wengi lakini haijamlisha mtu sumu hata mmoja. Athumani aliinamisha kichwa tu. Tangu hapo shangazi akamwita Bwana Sufuria, kwa utani mwanzoni, halafu kwa hasira, halafu likawa jina tu.

Sababu tuliijua mvua za vuli zilipoanza. Paa la jiko lilivuja, mkaa wake ukalowa, ikabidi aje kukaa ukumbini pamoja nasi akingoja mvua ikatike. Nilikuwa nadarizi pembeni, na shangazi anachambua mchele kwenye ungo. Pengine ile mvua ilimkumbusha kwao, maana siku hiyo aliongea kuliko siku zote. Alisema yeye ni askari wa wanyamapori wa kijiji. Kijiji chao, jirani na pori la akiba, kilichagua vijana wake wenyewe wa kulinda tembo na wanyama wengine dhidi ya majangili, hawana mshahara wa kueleweka, bunduki wanagawana. Majangili wanaotafutwa, alisema, mara nyingi hawatoki mbali. Anaweza kuwa shemeji yako, anaweza kuwa aliyekufundisha madrasa. Unaingia nyumbani kwake unapekua uvungu wa kitanda na kufunua vyungu kutafuta nyama na meno. Kwa hiyo walijiwekea sharti ambalo hawakuandikiwa na mtu: ukiwa kwenye doria huli kwenye jiko la mtu. Unabeba unga wako, chumvi yako na sufuria yako. Hata maji unachota mtoni.

"Ukila ugali wa mtu asubuhi," alisema, "mchana huwezi kumfunulia chungu."

Shangazi akamuuliza doria gani hiyo iliyomfuata mpaka Kariakoo. Ndipo akatuambia habari za Hamisi. Hamisi alikuwa mwenzake wa kutembea naye, walitahiriwa pamoja, walioa mwaka mmoja. Walifuata nyayo za majangili mpaka kwenye kambi ambako meno yalikuwa yamefukiwa, wakajificha kungoja mwenye mzigo aje. Likaja lori. Ndani yake aliketi mzee mmoja amevaa kanzu safi, akashuka, akahesabiwa mali yake, akawagawia wale vijana tende. Athumani alimwona uso mchana kweupe. Kisha mmoja wao akasikia kijiti kikivunjika, wakafyatua risasi vichakani, na Hamisi akafia mapajani mwa mwenzake kabla hawajafika barabarani. Lori lilikuja kukamatwa na watu wakakamatwa, ila wengine wote walisema yule mzee hawamjui. Aliyemwona na yuko tayari kusema alikuwa mmoja tu. "Kazi hii haijaisha mpaka niseme mbele ya hakimu," Athumani alisema. "Kwa hiyo bado niko doria, Bi Pili. Usinihesabie ubaya." Shangazi aliendelea kuchambua mchele wake muda mrefu bila kunyanyua macho. Siku ile hakumwita Bwana Sufuria.

Nikiwa mtu mzima nimekuja kufikiri kwamba kustahimili risasi ni jambo moja na kustahimili mji ni jingine. Pori halikumshinda Athumani. Dar es Salaam ilikaribia kumshinda, na haikutumia nguvu yoyote. Kila alipoitwa mahakamani alivaa sare yake, akatembea kwa miguu, akakaa kwenye benchi la ukumbi wa nje, maana shahidi haruhusiwi kuingia kabla ya zamu yake. Na kila mara kesi ilipigwa kalenda. Hakimu anaumwa, wakili amesafiri, jalada halionekani. Alirudi adhuhuri na viatu vyenye vumbi, akavivua mlangoni, akakaa. Msimu wa kulima ukaja, mkewe akatuma maneno kwa watu wa basi kwamba shamba limelala, arudi. Wapangaji wenzake walimsema kwa upande, kwa sauti ya kusikika, wakisema tembo anakula mahindi yako wewe na watoto wako, halafu unaacha kulima kwa ajili yake. Yeye alikubali kwamba tembo wamemlia shamba si mara moja, na kwamba amewatukana kama mtu mwingine yeyote. Lakini siku hizi, alisema, hata wa kuwatukana huwaoni. Hilo ndilo lililomsikitisha.

Ramadhani ikaingia. Mtaa wetu siku hizo ulifuturu nje. Jua likikaribia kuzama wanaume walitandika majamvi mbele ya nyumba, na kila mlango ukatoa ulichojaliwa, uji wa pilipili manga, maboga, mihogo ya nazi, tambi, vyote vimefunikwa kawa. Ukishaweka chakula jamvini ni cha wote. Hakuna anayesema hiki kimetoka kwa fulani, kwa sababu kutaja ni kumwaibisha ambaye hakujaliwa siku hiyo. Vyombo vilikusanywa baadaye na kila mmoja akavijua vyake kwa alama. Shangazi alimwendea Athumani chumbani kwake akamwambia kwamba mwezi huu hakuna mgeni wala mwenyeji, na kwamba akifuturu peke yake uani na yeye yupo, dhambi anambebesha yeye. Alimsihi kwa namna ambayo sikupata kumsikia akimsihi mtu. Athumani alitufikiria sisi, akaona ni nyumba isiyo na jambo la kupekuliwa. Akatoka, akaketi jamvini katikati ya majirani, na adhana ilipolia akala tende moja, kisha akajichotea viazi vitamu vya nazi kutoka bakuli la udongo lenye maua mekundu. Alivisifu. Alikula kama mtu aliyekuwa na njaa ya watu zaidi ya njaa ya chakula, na shangazi aliyekuwa akichungulia mlangoni alifurahi hata akaniminya mkono.

Siku mbili tatu baadaye, mchana, nikiwa kwenye cherehani, kijana mmoja nadhifu alisimama barazani na kumwulizia Athumani. Alimsalimu kwa adabu zote, akamuuliza habari za funga. Halafu akasema, wala hakushusha sauti, "Mjomba wangu anakusalimu. Anasema amefurahi umekula chakula cha nyumbani kwake. Anasema watu walioonja chumvi moja hawafikishani mbali." Akaaga, akaenda zake. Athumani alibaki amesimama. Kisha akaja ukumbini, akamuuliza shangazi lile bakuli la maua mekundu ni la nani. Shangazi akajibu bila wasiwasi kwamba ni la Bi Zuhura wa ng'ambo ya barabara, shoga yake tangu wakiwa wasichana, mke mkubwa wa Mzee Kassimu. Kassimu yupi? Kassimu wa magunia, anayekaa kwa mke mdogo Ilala, ambaye siku hizi ana kesi. Shangazi alipofika kwenye neno kesi mwenyewe akanyamaza. Sote tulijua Mzee Kassimu ana kesi, na sote tulijua Athumani ana shauri. Hakuna hata mmoja wetu aliyeweka viwili hivyo pamoja, kwa sababu Mzee Kassimu ndiye aliyekuwa akinunua sanda za maskini wa mtaa, na Athumani hakuwahi kumtaja mtu kwa jina.

Alifungasha begi lake siku ile ile. Hakuwa na hasira na mtu, na hilo ndilo lililotuumiza. Alisema angerudi kwao, mahakama ifanye itakavyoweza. Shangazi alimwambia kwamba hakujua, na asiyejua hana hatia. Hata Mungu humsamehe aliyekula kwa kusahau. Athumani akanyoosha mkono wake wa kulia, akautazama.

"Huu ndio nitakaoshikia msahafu niape," alisema. "Na huu ndio niliokulia. Nitamnyooshea kidole kwa mkono gani?"

Mtu wa nje anaweza kusema ni ujinga, kuachia damu ya mwenzako kwa sababu ya viazi. Mimi sikuona hivyo wakati ule na sioni hivyo leo. Yule aliyemtuma kijana alijua vizuri kwamba hongo ingekataliwa na vitisho vingekataliwa. Alichagua kitu ambacho mtu mwaminifu tu ndiye hukiogopa. Niliogopa kwa ajili ya Hamisi, ambaye sikumjua, kwamba angekufa mara ya pili ukumbini kwetu na sote tukitazama.

Shangazi alikaa kitako hadi baada ya alasiri. Kisha akaenda kwenye kabati la vyombo, akarudi na bakuli la maua mekundu. Lilikuwa bado kwetu, maana jioni ile liliingizwa ndani pamoja na vyombo vyetu. Hakuwa amelirudisha, kwa kuwa hakuwa amepika kitu cha kutia ndani, na kwetu chombo cha jirani hakirudi kitupu. Akaliweka mbele ya Athumani. Akamwambia kwamba chakula cha watu hulipwa kwa chakula, si kwa ulimi. Bado anao unga wake, bado anayo chumvi yake na sufuria yake. Apike cha kwake, ajaze bakuli la watu, alipeleke mwenyewe kwa mkono wake ule ule. "Ukifika usiseme neno," alisema. "Kila mtu wa mtaa huu atajua."

Athumani alisonga ugali wa mahindi ya shamba lake, akapika na kisamvu, na kwa kuwa alifunga hakuweza kuonja. Shangazi ndiye aliyemwonyesha kiasi cha chumvi. Wakavuka barabara wote wawili kabla ya magharibi, majamvi yanatandikwa, watu wamekaa tayari. Mimi nilisimama barazani. Mazungumzo yalikatika nyumba baada ya nyumba. Bi Zuhura alifungua mlango, akalitazama bakuli lake, akamtazama shangazi, akalipokea kwa mikono miwili. Mlango ulipofungwa shangazi alibaki ameukabili kidogo, na nadhani alikuwa ameshajua alichokipoteza.

Kesi ilisikilizwa baada ya Idi. Safari ile hakimu hakuumwa. Shangazi alivaa baibui lake jipya, tukaketi nyuma kabisa. Athumani aliapa kwa mkono wa kulia, akasema alichokiona, akamwonyesha Mzee Kassimu. Wakili wa utetezi alikuwa mtu wa maneno laini. Alimuuliza kama ni kweli kwamba alikula chakula cha mshitakiwa mwezi wa Ramadhani, tena akakisifu, na kama mtu anaweza kuketi kwenye chakula cha muuaji wa rafiki yake. Watu waligeuka kutazamana. Niliona shangazi akifumba macho.

"Nilikula," Athumani alijibu. "Sikujua ni chake. Nilipojua nililirudisha bakuli lake likiwa na chakula changu. Mimi na yeye hatudaiani. Anayemdai ni Hamisi."

Mzee Kassimu alifungwa. Hakuna aliyeshangilia nyumbani kwetu. Asubuhi ya kuondoka, Athumani alikuja ukumbini akiwa amevaa shati la kawaida, sare imo begini, akavuta mkeka akaketi, akasema, "Bi Pili, doria imekwisha." Shangazi alielewa. Akamletea chapati, maharage ya nazi, chai ya tangawizi, akaleta tena, na Athumani akala vyote mpaka shangazi akacheka na kusema kumbe Bwana Sufuria ni mlafi hivi. Akamfungia mikate ya ufuta ya njiani katika bakuli jeupe la bati, akamwambia asilirudishe tupu. Kicheko kile ninakikumbuka sana, kwa sababu baada yake vilikuwa haba.

Ramadhani iliyofuata hakikuja kitu kutoka ng'ambo ya barabara. Shangazi alipeleka sahani yake kama kawaida, ikarudi imeoshwa, tupu. Mwaka baada ya mwaka akapeleka, mwaka baada ya mwaka ikarudi tupu, hata Mzee Kassimu alipokwisha kutoka kifungoni na hata alipokwisha kufa. Majirani wengine walikuwa na sisi nusunusu. Siku moja nilimuuliza kwa nini anajidhalilisha. Akaniambia kwamba yeye alimfanyia mgeni haki ya mgeni na jirani anamfanyia haki ya jirani, na kwamba haki hizo mbili zikigongana anayeumia ni mwenye nyumba. Alikufa hajala tena chakula cha Bi Zuhura. Bi Zuhura alikuja msibani, akakaa mkekani na wenzake, akaondoka bila kugusa wali.

Somoe alikunywa maji yake, akasukuma bakuli mbele yangu. Nilifungua kitambaa. Ulikuwa mchele, wa kutwangwa kwa mkono, una punje nyingi zilizokatika. Akanieleza kwamba kila mavuno baba yake alisema mwaka huu analijaza lile bakuli la Bi Pili, na kila mwaka kikazuka kitu, ukame, ugonjwa, ada za watoto. Hakutaka kutia mchele wa kununua. Mwaka huu mpunga ulistawi, na ulipoanza kuiva tembo wakaingia shambani, kundi zima na watoto wao.

"Walibakisha kona moja tu ya shamba, mama," alisema. "Mimi nililia kwa hasira. Baba alikuwa mgonjwa tayari, lakini alitoka na fimbo yake kwenda kutazama nyayo, akarudi anacheka. Anasema miaka ile ungetembea wiki nzima usione hata kinyesi chao. Akasema kilichobaki hicho ndicho cha Bi Pili, wasile watoto."

Alipokwenda madukani niliupika wote, kwa nazi, kama alivyokuwa akipika shangazi. Tulikula pamoja aliporudi. Nilikuwa nimetenga sahani moja, na baada ya kumsindikiza kituoni niliifunika kawa, nikavuka barabara. Nyumba ya Bi Zuhura haipo tena. Pale pamejengwa ghorofa, naye amepewa vyumba viwili juu, ambako wajukuu wanamtunza. Ni mzee sana, miguu haifai, lakini macho yanaona na akili iko. Nilimwamkia, nikaweka sahani mbele yake. Kwa desturi nisingesema chakula kimetoka wapi. Safari hii nilisema. Nikamwambia ni mchele wa Athumani Lipande, kwamba amefariki, na kwamba tembo wamerudi.

Aliinua kawa, akaiweka pembeni. Kisha akasema, "Ule ugali wake sikuula. Niliufunika mpaka ukachacha, nikawapa kuku. Pili hakujua."

Nikasema hakujua.

Akaitazama sahani. Halafu akamwita mjukuu wake amletee maji ya kunawa.